Kupanda kwa shilingi ya Kenya: funzo la mtaji na hasara kwa wafanyabiashara

Mwishoni mwa Januari 2024, dola moja ya Marekani ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 160 nchini Kenya. Wafanyabiashara wengi, wakiwemo wale wanaovusha bidhaa katika mipaka ya Busia na Malaba, waliamini kwamba bei hiyo ingeendelea kupanda. Waliokuwa na akiba waliibadilisha kuwa dola, na wengine walikopa ili wanunue dola zaidi. Kufikia katikati ya mwaka huo, dola ilikuwa imeshuka hadi shilingi 129 hivi.

Mabadiliko hayo hayakutokea bila sababu. Hofu kubwa ya soko ilikuwa deni la dola bilioni 2 ambalo Kenya ililikopa mwaka 2014 na ambalo muda wake wa kulipwa ulikuwa Juni 2024. Februari mwaka huo, serikali ilipata dola bilioni 1.5 kwa kuuza hati fungani mpya, ikazitumia kununua sehemu ya deni hilo mapema. Benki Kuu nayo ilipandisha riba yake hadi asilimia 13. Hofu ilipoondoka, waliokuwa wameficha dola walikimbilia kuziuza, na bei ikaporomoka.

Wachumi wamekwisha kueleza vya kutosha kuhusu siasa ya deni hilo. Makala haya yanatazama jambo jingine: kwa nini watu wawili waliokosea utabiri ule ule, siku ile ile, walitoka sokoni wakiwa katika hali tofauti kabisa.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa kwanza ana shilingi 800,000 zake mwenyewe. Anazibadilisha zote kwa bei ya 160 na kupata dola 5,000. Dola inaposhuka hadi 129, fedha zake zina thamani ya shilingi 645,000. Amepoteza shilingi 155,000, yaani zaidi kidogo ya asilimia 19. Wa pili naye ananunua dola 5,000, lakini nusu ya fedha ni mkopo. Akisharudisha shilingi 400,000 za watu, hata kabla ya riba, hubakiwa na 245,000 kati ya 400,000 zilizokuwa zake. Yeye amepoteza karibu asilimia 39. Soko halikumwonea, kwani bei ilikuwa moja kwa wote wawili. Mkopo ndio uliozidisha hasara yake maradufu.

Hapa pana hesabu ambayo wengi huisahau. Aliyepoteza asilimia 20 ya mtaji anahitaji faida ya asilimia 25 ili arudi alipokuwa. Aliyepoteza nusu anahitaji faida ya asilimia 100. Kadiri shimo linavyochimbwa, ndivyo ngazi ya kulitokea inavyozidi kurefuka. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mfanyabiashara ni kuulinda mtaji. Faida hufuata baadaye.

Njia inayotumiwa na wengi wenye uzoefu ni kuamua hasara kabla ya kuamua faida. Mtu hujiuliza: nikikosea, niko tayari kupoteza kiasi gani katika biashara hii moja? Wengi hujiwekea kikomo cha asilimia 1 au 2 ya mtaji. Mwenye shilingi 400,000 akichagua asilimia 2, kikomo chake ni shilingi 8,000. Akinunua dola kwa 160 na kuamua kwamba ikifika 156 atauza bila kusita, kila dola itamgharimu hasara ya shilingi 4. Akigawanya 8,000 kwa 4, anapata dola 2,000. Hicho ndicho kiasi anachostahili kununua, hata kama mfuko unamruhusu kununua zaidi.

Faida ya nidhamu hiyo huonekana siku mbaya zinapofuatana. Mwenye kupoteza asilimia 2 mara kumi mfululizo bado ana takriban shilingi 327,000 kati ya 400,000. Mwenye kuhatarisha asilimia 20 kila mara, akipata mikosi hiyo hiyo kumi, hubaki na shilingi 43,000 hivi. Wa kwanza anaweza kuendelea na biashara, ilhali wa pili anatafuta wa kumkopesha.

Hata hivyo, kikomo hicho si ngome isiyobomoka. Tarehe 15 Januari 2015, Benki Kuu ya Uswisi iliacha ghafla kulinda kiwango cha faranga 1.20 kwa yuro moja. Bei iliruka kwa dakika chache, na maagizo mengi ya kuuza yalitekelezwa kwa bei mbaya kuliko ile iliyopangwa. Wateja wengine walijikuta wanadaiwa zaidi ya fedha walizoweka, na baadhi ya madalali wakafilisika.

Onyo hilo linawahusu hasa vijana wanaofanya biashara ya fedha za kigeni kwa simu. Dalali anapomruhusu mteja kushika dola 100 kwa kila dola 1 aliyoweka, bei ikienda kinyume kwa asilimia 1 tu, amana yote imekwisha. Mwaka 2018, mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wadogo katika mikataba ya tofauti za bei hupata hasara, ikaweka kikomo cha mara 30 kwa sarafu kuu. Nchini Kenya, biashara hiyo ina kanuni tangu mwaka 2017, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ndiyo inayotoa leseni. Kuhakiki leseni ya dalali kabla ya kutuma fedha ni jambo la lazima.

Mwisho, yafaa kutofautisha ujasiri na uwezo. Kuna mtu asiyepoteza usingizi hata akipata hasara kubwa, lakini fedha anazochezea ni karo ya watoto ya muhula ujao. Huyo ana ujasiri, uwezo hana. Mwingine ana akiba ya kutosha, ila hasara ndogo humfanya auze kwa pupa. Huyo ana uwezo, utulivu hana. Kila mmoja achukue kipimo kilicho kidogo kati ya viwili hivyo. Fedha za kodi ya nyumba, matibabu, karo na mzigo uliokwisha kuagizwa zitengwe kando, na kila ununuzi uandikwe pamoja na sababu yake na bei ya kutokea.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Walioandika kwenye daftari, Januari 2024, bei ambayo wangeuzia dola zao, walikosea utabiri kama wenzao, lakini walijua mapema siku ya kuondoka.