Lori Kuukuu Linapokataa Kuwaka

Katika barabara ya Musoma kwenda Bunda, hata kwenye njia ya Butiama, mara nyingi twaona lori kuukuu limesimama na dagaa wake, boneti wazi. Upesi mwenye lori huambiwa, "Sensa imekufa," naye huuza mbuzi ainunue. Lakini lori lenye pampu ya dizeli ya zamani halihitaji sensa yoyote ili liwake!

Yafaa kwanza kusikiliza. Ukisikia "ta" tu, tazama betri. Malori mengi yana betri mbili za volti 12, jumla volti 24. Kutu kwenye vichwa vyake, au waya uliolegea kwenye chesisi, huinyima stata nguvu. Safisha, kaza, ujaribu tena.

Injini ikizunguka vizuri isiwake, tazama ekzosi. Pasipo moshi kabisa, dizeli haifiki. Pengine upepo umeingia katika bomba, nao hutolewa kwa pampu ya mkono.

Lori lenye kompyuta ndilo lenye sensa ya mzunguko wa injini. Ikifa, kompyuta haijui wakati wa kunyunyiza dizeli. Mara nyingi injini huzimika ikiwa moto, ikipoa huwaka. Hata hapo, kagua kwanza waya wa sensa, maana panya hupenda sana kuutafuna.