Je, Unajua Kuogelea, au Unadhani?

Kijana wa Kisumu akiulizwa kama anajua kuogelea, hujibu mara moja kwamba anajua, tena hushangaa kuulizwa, maana amezaliwa karibu na ziwa. Kijana wa Murang'a naye husema vivyo hivyo, kwa kuwa utotoni alikuwa akichupa mtoni pamoja na wenzake. Wote wawili husema kweli kwa kadiri ya maji waliyoyazoea. Lakini mara nyingi maji hayo yalikuwa ya kifuani, na mtoto akichoka, mguu wake ulifika chini.

Kosa hili si la watu wa Kenya peke yao. Mwaka 2012 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya nchi kadhaa, zikiwamo Norway, Australia na Japani. Wanafunzi hao waliulizwa wanaweza nini, kisha wakapimwa majini. Ikaonekana kwamba waliyoyadhani na waliyoyaweza hayakulingana sana. Tena wavulana hawakuwashinda wasichana kwa uwezo, ila waliiona hatari kuwa ndogo kuliko wenzao walivyoiona.

Basi, kujua kuogelea ni nini? Chama cha Msalaba Mwekundu cha Marekani hutaka mambo matano. Mtu aingie katika maji yanayompita kimo, na kuibuka. Aelee au akanyage maji kwa dakika moja. Ageuke duara zima na kuona mahali pa kutokea. Aogelee yadi 25. Kisha atoke bila kushika ngazi. Yadi 25 si mbali, hazifiki hata mita 23, na kijana mwenye nguvu huweza kuzimaliza kwa kupiga piga maji tu. Iliyo ngumu ni ile dakika moja ya kukaa juu ya maji kwa utulivu, kwa sababu aliyejifunza mahali penye kina kifupi hakuwahi kuihitaji.

Hata aliyeyaweza yote hayo, ameyaweza katika maji matulivu. Bwawa la kunyweshea ng'ombe lina kingo za udongo wenye utelezi, na kina chake huzidi ghafula. Katika nchi za juu maji yake ni baridi, hata humkata mtu pumzi. Mashimo yaliyochimbwa mawe, yakijaa mvua, ni mabaya zaidi, maana kuta zake zimesimama wima na hakuna pa kutokea. Kule pwani, maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, hutoka kwa nguvu katika milango ya mwamba, na kumchukua hata mwogeleaji hodari. Aliyechukuliwa asishindane na mkondo. Aelee apate pumzi, kisha aogelee kwa kufuata ufuo mpaka autoke.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani. Miongoni mwa wanaokufa hivyo wamo waliojitosa kuwaokoa wenzao, na hapo ndipo kujidhania kunapoponza watu wawili kwa mara moja. Mfa maji hukamata maji, na akimfikia mwenzake humkamata vivyo hivyo na kumzamisha. Wala hapigi kelele, kama wengi wanavyodhani. Kinywa chake hupanda na kushuka usawa wa maji, na pumzi ya kuita hana.

Anayetaka kumwokoa abaki ukingoni, alale kifudifudi, amnyoshee fimbo au tawi. Aliye mbali hutupiwa kitu kinachoelea. Jerikeni tupu la lita 20, lililofungwa kifuniko barabara na kutiwa kamba, humweka mtu mzima juu ya maji. Mwenye bwawa shambani anaweza kulitundika moja mtini karibu na maji, na kamba yake iwe ndefu ya kufika katikati.