Kuku na Hadhira Yake: Utangulizi

Msomaji aliyefungua kitabu hiki akitafuta namna ya kunenepesha kuku au kuwazidishia mayai, nampa pole mapema. Humu hamna chanjo wala vipimo vya pumba. Wamo kuku wa uani, wale wanaochakura chini ya mwembe na kuingia jikoni bila hodi, na limo swali moja linalojirudia kila sura: je, kuku husukumwa na njaa na hofu tu, au hutazama kwanza nani yupo?

Nasema hutazama, tena sana.

Aliyefungua njia ya elimu hii ni Mnorwe, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyeanza kuwachunguza kuku akiwa mtoto na mwaka 1922 akachapisha matokeo yake kwa Kijerumani. Alionyesha kwamba kuku hawadonoani ovyo. Kila mmoja anamjua wa kumdonoa na wa kumpisha, na cheo kikishakubalika ugomvi hupungua. Hilo haliwezekani bila kufahamiana sura, na kuku hufahamiana hasa kwa kichwa na upanga wake.

Wengi wetu tumemsikia jogoo akitoa mlio mwembamba wa kuvuta, na papo hapo vifaranga wakapotea kwenye mihogo. Huo ni mlio wa mwewe. Akija nguchiro au mbwa, jogoo huyohuyo hupiga makelele ya kukatakata. Mwaka 1993 Chris Evans, Linda Evans na Peter Marler waliwasikilizisha kuku milio hiyo miwili pasipo adui yeyote. Waliosikia ule wa angani walikimbilia mafichoni, wakajikunyata na kutazama juu. Waliosikia ule wa ardhini walisimama wima wakikagua huku na huko. Kabla ya hapo Marler na wenzake walikuwa wameona jambo linalonivutia zaidi: jogoo aliyeonyeshwa umbo la mwewe akiwa peke yake alipiga mlio mara chache, lakini akiwa na mwenzake karibu, alitahadharisha.

Pa kukaa kitako, hata hivyo, ni kwenye chakula. Jogoo akiokota kumbikumbi hammezi. Humnyanyua, humwachia, humnyanyua tena, kichwa kikipanda na kushuka, huku akiita kwa sauti fupifupi za haraka. Matetea huja mbio, naye husimama kando wale. Tumezoea kumsifu kwa ukarimu huo. Ukarimu upo, ila una hesabu yake, kwa kuwa tetea humpendelea jogoo anayelisha. Marcel Gyger na Marler waliripoti mwaka 1988 kwamba majogoo huita pia penye kijiti au uchafu usiolika, na hufanya hivyo zaidi tetea anapokuwa mbali. Aliye hatua mbili angeona mara moja kwamba hakuna kitu.

Hapo yupo pia jogoo mnyonge. Akiita kwa sauti, mkubwa wa banda atamsikia na kuja kumfukuza. Mwaka 2011 Carolynn Smith na wenzake huko Australia walieleza anavyojinusuru: hucheza kichwa chote kama kawaida, anyanyue na kuangusha chakula, lakini sauti anaiacha. Tetea aliye mbele yake ameona. Mkubwa aliyegeuka upande mwingine hana habari. Sijui mnyama wa kufugwa anayenichekesha kuliko huyu.

Matetea nao hawakulala. Tommaso Pizzari na Tim Birkhead walionyesha mwaka 2000 kwamba tetea akipandwa kwa nguvu na jogoo wa cheo cha chini, anaweza kuzitoa nje mbegu zake mara baada ya tendo. Hata kuwika kuna itifaki. Watafiti wa Japani walitangaza mwaka 2015 kwamba katika kundi, wa kwanza kuwika alfajiri ni jogoo wa cheo cha juu, kisha wengine hufuata kwa vyeo vyao. Akiondolewa, wa pili ndiye huanza. Waliosema jogoo la shamba haliwiki mjini walikuwa na macho.

Si kila tendo lina hadhira, na msomaji asinisikie nikidai hivyo. Kuku wa kizimba cha waya, asiye na chembe ya mchanga, bado hulala ubavu na kupigapiga mbawa kana kwamba anaoga vumbi. Hilo linatoka ndani ya mwili wake, na kwa maoni yangu linatosha kukishtaki kizimba.

Na methali ya mwana wa kuku asiyefunzwa kuchakura? Kuchakura kweli hafunzwi. Kula nini ni jambo jingine. Christine Nicol na Stuart Pope, mwaka 1996, walimzoesha kuku mlezi kwamba chakula cha rangi fulani ni kibaya. Alipowaona vifaranga wake wakila rangi hiyo, alizidisha kuchakura na kudonoa kwa kuwaonyesha. Alikuwa akiwaangalia wanachokosea.

Sehemu kubwa ya kazi hizi imefanywa Ulaya, Marekani, Australia na Japani, mara nyingi kwa kuku waliofungiwa. Kuku wa kienyeji hushinda huru, mwewe wake ni wa kweli, na jirani ana jogoo wake. Maswali mengi yanamngoja mtu mwenye kigoda na daftari.

Basi anza kabla ya kusoma sura ya kwanza. Chukua kundi lisilozidi kuku kumi, uwafunge nyuzi za rangi miguuni, zilegee zisiwakate. Keti mbali kidogo banda linapofunguliwa asubuhi. Andika nani amemdonoa nani, nani amempisha nani, na jogoo alipoita, nani alikuwa karibu. Fanya hivyo kwa wiki moja, kisha uje na daftari lako. Sura ya kwanza inahusu foleni ya kunywa maji.