Mkono wa Paris kwenye kibanda cha wakala Mkiwa

WANUNUZI wa alizeti wanaoteremka Mkiwa, mkoani Singida, kwenye njia panda ya barabara kuu ya Dodoma–Singida na ile inayokwenda Itigi, Rungwa hadi Mbeya, hawana haja ya kubeba mamilioni kwenye mfuko wa rambo kama walivyofanya baba zao. Fedha inawatangulia. Tajiri aliyeko Dar es Salaam au Mwanza anabonyeza simu, na kabla gunia halijashonwa mdomo salio limeshaingia. Maagizo yake ni yale yale ya siku zote: nakutumia na ya kutolea.

Hayo ni maendeleo, na hakuna mchuuzi anayetaka kurudi nyuma. Lakini kadiri miaka inavyokwenda, fedha hiyo inapitia kwenye mikono ya watu wengi zaidi ambao hawajawahi kukanyaga Singida. Bunge lina mkono wake Dodoma, Benki Kuu na Mamlaka ya Mawasiliano zina yao, na mkono mwingine unatoka Paris, Ufaransa. Swali kwa mfanyabiashara na mwekezaji mdogo ni moja: nani anashika ufunguo wa soko lake?

Jina tu ndilo la upweke

Mkiwa ni mtu aliyebaki peke yake, lakini biashara ya mahali hapa haiko peke yake hata kidogo. Njia hii ndiyo inayopitisha malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi. Kandokando yake kuna alizeti, vitunguu na kuku wa kienyeji ambao wameipa Singida jina, na upande wa Itigi kuna asali. Kila bidhaa ina bei ya shambani, bei ya barabarani na bei ya mjini. Riziki ya mchuuzi imo katikati ya bei hizo.

Katika biashara ya namna hiyo, anayepata ni yule anayejua bei ya mjini mapema na mwenye fedha mkononi mapema. Simu imeleta vyote viwili kwa pamoja. Ndiyo maana kanuni yoyote inayogusa simu, hata ikipewa jina la usalama au la mapato, inagusa moja kwa moja faida ya gunia.

Historia haijasahaulika

Wasiwasi wa wafanyabiashara kuhusu mkono wa Serikali haukuanza na simu. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Aliyehitaji kompyuta alilazimika kuomba kibali maalumu. Matokeo yake ni kwamba wakati nchi nyingine zinajifunza, Tanzania Bara ilisubiri, na vituo vya televisheni vilianza kurusha matangazo Bara mwaka 1994 tu, miaka 20 baada ya amri ile. Hakuna aliyeulizwa gharama ya miaka hiyo 20.

Kwa nafaka mambo yalikuwa ya namna hiyo hiyo. Hadi mwaka 1984, aliyesafirisha zaidi ya kilo 30 za nafaka kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine alihitaji kibali, na vizuizi vya barabarani vilikuwepo kuhakikisha hilo. Mwaka huo kiwango kikapandishwa hadi kilo 500, na mwaka 1987 kikaondolewa kabisa. Kabla ya hapo, mwaka 1983, palipita msako wa wahujumu uchumi ambao wazee wa biashara hawajausahau. Kilo 30 ni kama debe moja na nusu la mahindi. Kwa kipimo hicho, karibu kila mchuuzi anayepakia mzigo leo Mkiwa angekuwa mhalifu.

Biashara ilitangulia, sheria ikafuata

Linganisha na pesa za simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Wakati huo hapakuwa na sheria mahsusi ya fedha za kielektroniki. Benki Kuu ya Tanzania haikusema subirini. Ilizipa kampuni barua za kutokuwa na pingamizi, ikataka fedha za wateja zitunzwe benki kwenye akaunti za dhamana, kisha ikaangalia jambo hilo linavyokwenda. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ilipitishwa mwaka 2015, pesa za simu zikiwa zimeshatimiza miaka saba mitaani.

Katika miaka hiyo saba mengi yalifanyika bila amri. Mwaka 2014 kampuni za simu zenyewe ziliafikiana wateja wa mtandao mmoja waweze kutumiana fedha na wateja wa mtandao mwingine, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Makubaliano hayo ya kibiashara yaliifanya Tanzania itajwe miongoni mwa nchi za mbele duniani kwa jambo hilo.

Somo kwa wenye mitaji ni jepesi. Pale msimamizi aliposimama kando akiwa macho wazi, soko lilikua. Pale alipotangulia mbele na kibali mkononi, kama mwaka 1974, soko lilidumaa.

Tozo iliyofundisha watu hesabu

Tarehe 15 Julai, 2021, Serikali ilianza kukata tozo kwenye miamala ya simu, kati ya sh. 10/= na sh. 10,000/= kwa muamala kulingana na kiasi, juu ya ada ya kampuni. Aliyetuma alikatwa, na aliyetoa alikatwa pia.

Chukua mfano wa mnunuzi ambaye miamala yake ni mikubwa kiasi cha kuangukia kwenye kiwango cha juu. Tajiri anapotuma, sh. 10,000/= zinakwenda. Wakala anapotoa, sh. 10,000/= nyingine zinakwenda. Mzunguko mmoja ni sh. 20,000/=. Akizungusha mtaji mara nne kwa wiki ni sh. 80,000/=, na kwa wiki nne ni sh. 320,000/=. Mtaji wenyewe haujaongezeka hata shilingi moja, umesafiri tu.

Mnunuzi anapopata gharama ya namna hiyo ana njia tatu. Anaweza kuibeba mwenyewe na kupunguza faida, kuiongeza kwenye bei ya mjini, au kuipunguza kwenye bei anayomlipa mkulima. Kwa kuwa bei ya mjini inapangwa na ushindani, na mkulima wa kijijini ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote, si vigumu kujua nani huishia kuilipa. Njia ya nne ni kurudi kwenye bahasha mkononi mwa kondakta wa basi, pamoja na hatari zake zote.

Malalamiko yakawa makubwa. Septemba 2021 tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, kiwango cha juu kikashuka hadi sh. 7,000/=. Mwaka 2022 kikashuka tena hadi sh. 4,000/=, na punguzo zaidi likafuata. Kwa maneno mengine, hesabu ambayo ingepigwa mezani kabla ya Julai 2021 ilipigwa mitaani baadaye, kwa gharama ya wafanyabiashara na wakulima.

Paris, si Dodoma

Si kila kanuni inayofika kwa wakala wa Mkiwa inatungwa nchini. Mwaka 1989 mataifa saba yenye viwanda vingi yaliunda FATF, chombo cha kupambana na utakatishaji wa fedha chenye makao yake Paris. Tanzania si mwanachama. Kusini mwa Sahara, mwanachama ni Afrika Kusini peke yake. Nchi za ukanda huu zina kundi lao, ESAAMLG, lililoundwa mwaka 1999 na kuweka makao Dar es Salaam, lakini viwango vinavyopimwa ni vya Paris.

FATF haina polisi wala mahakama. Nguvu yake ni orodha. Oktoba 2022 Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, maarufu kama orodha ya kijivu, na ikaondolewa Juni 2025. Uganda ilikaa humo kuanzia 2020 hadi 2024, na Kenya ikaingizwa Februari 2024. Nchi ikiwa kwenye orodha hiyo, benki za nje huongeza maswali kabla ya kupitisha malipo yake. Kwa muuzaji wa ufuta au asali anayesubiri fedha kutoka ng'ambo, maswali ni siku, na siku ni riba.

Ndipo nchi inapojitahidi kuonyesha kwamba inawajua wateja wake wote. Kitambulisho, alama za vidole, viwango vya mwisho vya muamala na daftari la wakala ni matawi ya mti huo. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na baada ya kuongezwa muda, mwisho ukawa tarehe 20 Januari, 2020. Asiyekuwa na namba ya NIDA alizimiwa laini, hata kama hajawahi kudaiwa wala kushtakiwa. Kwa mchuuzi, laini iliyozimwa ni duka lililofungwa: wateja wanaijua namba ile, na salio limo ndani yake.

Wanaoshuku utaratibu huu hawasemi kwamba wezi waachwe. Wanauliza kwa nini kipimo kilichoundwa kwa ajili ya benki za New York na Zurich kitumike bila kukatwa kwenye kibanda cha bati, na kwa nini wanaokiandika hawapigiwi kura na yeyote anayekitii.

Swichi moja, giza moja

Wasiwasi wa pili ni wa swichi. Oktoba 2023 TCRA ilitaka wanaotumia VPN wajiandikishe. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini. Tarehe 29 Oktoba, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, na ilirudi baada ya siku kadhaa.

Soko halina chama, lakini liliumia. Menyu za kawaida za pesa za simu hazihitaji intaneti. Programu za benki zinaihitaji. Makundi ya WhatsApp ambamo madalali hutangaziana bei, picha za mzigo na namba za malori yanaihitaji pia. Intaneti ikizimwa, mnunuzi hubaki na fedha asiyojua aitumie kwa bei gani, na dereva hubaki na mzigo asiojua aushushe wapi.

Mwekezaji mdogo naye ana fumbo lake. Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tangazo kwamba sarafu za mtandaoni kama Bitcoin si fedha halali na kuzifanyia biashara ni kinyume cha kanuni za fedha za kigeni. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Mkono mmoja unasema si ruksa, mwingine unakusanya kodi. Mwenye fedha yake hajui amsikilize yupi.

Upande wa pili wa sarafu

Haki inataka upande wa Serikali nao usikilizwe. Mwaka 2009 mpango wa upatu wa DECI ulifungwa baada ya maelfu ya watu kupanda mbegu zao humo. Wengi hawakuvuna. Hapo kosa la msimamizi halikuwa ukali; alichelewa. Matapeli wa simu nao, wale wa ujumbe wa tuma kwa namba hii, walinufaika na laini zisizo na mwenyewe. Na akaunti za dhamana, zinazomlinda mteja kampuni ikiyumba, ni zao la msimamizi, si la huruma ya kampuni.

Kwa hiyo hoja haiwezi kuwa sheria ziondoke. Hoja ni sheria ipi, nani kaipima, na nani anailipia. Kanuni inayomlazimisha mwenye kampuni kutunza fedha ya mteja inamwongezea mchuuzi uhuru. Kanuni inayomruhusu ofisa kuzima laini, mtandao au nchi nzima bila kutoa sababu mbele ya hakimu inampunguzia. Hizo ni kanuni mbili tofauti, hata kama zinabandikwa jina moja la usalama. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa mitandao, uliopitishwa Desemba 2024 na kufunguliwa kwa saini Hanoi Oktoba 2025, nao unafaa kusomwa kwa miwani hiyo hiyo.

La kufanya msimu huu

Kwa mnunuzi anayejiandaa na alizeti, tahadhari ni hizi. Asiweke mtaji wote kwenye laini moja wala kampuni moja. Laini ya biashara iwe kwa jina lake na kitambulisho chake, si ya shemeji wala ya kibarua, kwa kuwa ikizimwa mwenye haki ya kuidai ni yule aliyesajiliwa. Aandike kila muamala kwenye daftari. Ujumbe wa simu hupotea na simu. Awe na akiba ya fedha taslimu ya kumaliza angalau mzigo mmoja, na namba za kawaida za madalali kwa ajili ya siku ambayo WhatsApp haifunguki.

Kubwa kuliko yote ni kupiga hesabu mapema. Bajeti ya Serikali husomwa Juni, alizeti ikiwa inaingia sokoni. Yaliyotokea 2021 yameonyesha kwamba tozo ya sh. 10,000/= inaweza kushuka hadi sh. 4,000/= watu wakipiga kelele zenye namba. Vyama vya wafanyabiashara vikipeleka hesabu hizo Dodoma kabla ya Juni, mchuuzi wa njia panda ataokoa kile ambacho mwaka ule alikilipa kwanza, akalalamika baadaye.