Kipimo cha Leo na Hadithi za Jana: Lugha ya Wakongo katika Tintin au Congo

Mwezi Februari 2012 mahakama ya Brussels ilikataa ombi la Bienvenu Mbutu Mondondo, Mkongo aliyeishi Ubelgiji, aliyetaka hadithi ya picha Tintin au Congo isiuzwe kwa sababu ya ubaguzi uliomo. Mahakama ilikiona kitabu hicho kuwa zao la wakati wake, ambacho mtungaji wake hakukusudia kuchochea chuki. Rufani nayo ilishindwa mwaka huohuo. Hukumu ya sheria ni jambo moja; hukumu ya mhakiki ni jambo jingine, nayo ndiyo inayovihusu vyuo vya Goma, ambako msomaji hukuta humo watu wanaoitwa kwa jina la nchi yake.

Hoja ya mahakama ina uzito. Hergé alipoanza kuichapisha hadithi hiyo gazetini mwaka 1930 alikuwa kijana wa miaka 23, hakuwa amefika Kongo, na baadaye alikiri kwamba alikuwa amelishwa dhana za tabaka lake. Kumshutumu kwa kutojua yaliyokuja baada yake kungekuwa uonevu. Hata hivyo, hoja hiyo hudhani kwamba wakati ule ulikuwa na dhamiri moja tu.

Ushahidi ulio karibu zaidi ni lugha. Wahusika Wakongo wamewekewa Kifaransa kilichovunjikavunjika. Milou, mbwa wa Tintin, husema Kifaransa fasaha; msomaji mtoto hahitaji maelezo zaidi. Je, mwaka 1930 haikujulikana kwamba Mwafrika ana sarufi? Krapf alikuwa amechapisha misingi ya sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, Steere akafuata mwaka 1870. Wamisionari wa Kongo walihubiri na kufundisha kwa lugha za wenyeji, na mwaka uleule wa 1930 ndipo kamati ya kusanifisha Kiswahili katika makoloni ya Waingereza ilipoanza kazi. Kuyajua hayo hakukuhitaji maadili ya leo. Kulihitaji kuuliza tu.

Kuhusu utawala pia hapakuwa na ukimya. George Washington Williams, Mmarekani mweusi, alimwandikia Leopold II barua ya wazi mwaka 1890. André Gide alifichua ukatili wa makampuni katika makoloni jirani ya Wafaransa mwaka 1927. Zaidi ya hao wapo Wakongo wenyewe, ambao watetezi wa kitabu huwasahau kana kwamba hawakuishi wakati huo. Hadithi ilipokuwa ikitoka gazetini, Simon Kimbangu alikuwa mfungwa tangu 1921. Alifia kifungoni mwaka 1951.

Katika toleo la 1946, somo ambalo Tintin aliwaambia watoto wa Kongo kuwa nchi yao ni Ubelgiji liligeuzwa kuwa somo la hesabu. Kifaransa kibovu kilibaki.

Kipimo hichohicho hakina budi kutumiwa kwa maandishi ya Kiswahili. Katika Uhuru wa Watumwa (1934), James Mbotela, mzao wa watumwa waliokombolewa, anawachora Waarabu kuwa wakatili na Waingereza kuwa wakombozi. Aliandika upande wa walioumizwa, jambo linaloeleza uchungu wake. Lakini biashara ya watumwa ambayo Waingereza walikuwa wameifanya hadi 1807 haikuwa siri katika zama zake. Katika Kivu, ambako jina la kundi limewahi kutosha kumponza mtu, ulinganisho huu si wa darasani tu.

Kuviondoa vitabu hivyo maktabani si lazima. Zoezi la kutafsiri laweza kufaa zaidi. Anayetafsiri Tintin au Congo kwa Kiswahili hukwama mapema: akiwavunjia Wakongo sarufi ya Kiswahili, atakuwa amesema uongo, akiwaacha waseme lugha yao kama walivyoisema, watasema kwa ufasaha, na atakayebaki akibabaika katika ngeli ni Tintin.