Takwimu Bila Kukariri (2): Sampuli Moja Haitoshi

Wiki iliyopita tulimwacha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayekokotoa wastani na mchepuko sanifu bila kukosea, lakini hawezi kueleza kwa nini kaya 50 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu zinaweza kuisemea kata nzima ya Miembeni. Kanuni ameikariri kwenye desa. Namna matokeo yanavyobadilika kutoka sampuli moja hadi nyingine hajawahi kuiona, na hilo ndilo somo lenyewe.

Ubaoni mwalimu huchota sampuli moja, kipindi kikaisha. Kitabu cha mtandaoni kiitwacho CAST, kazi ya Doug Stirling wa Chuo Kikuu cha Massey, New Zealand, humruhusu msomaji kuchota mara mia akitaka. Kila anapochota, wastani unasogea; nukta zinarundikana kwenye mchoro, naye anaona kwa macho yake kwamba wastani wa sampuli kubwa hauyumbi kama wa sampuli ndogo. Kitabu ni cha bure, na huweza kuwekwa kwenye kompyuta kikasomwa bila intaneti. Kwa anayenunua bando kwa shida, hilo si jambo dogo.

Ng'ambo ya ziwa letu, Victoria, Chuo Kikuu cha Maseno nchini Kenya kimekitumia CAST kufundishia takwimu. Mwaka 2019 kikaanza kutumia pia STACK, programu ya mazoezi ya hesabu ya Chris Sangwin wa Uingereza. Kila mwanafunzi hupewa namba zake, na akikosea huelekezwa papo hapo. Mwalimu mwenye wanafunzi mia kadhaa hawezi kusahihisha hivyo kwa mkono, hata akikesha.

Tusikose lakini kutumia namba za kwetu. Tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina matokeo ya sensa: Kagera ilikuwa na watu 2,458,023 mwaka 2012, na 2,989,299 mwaka 2022. Ukiuliza kasi ya ongezeko kwa mwaka, wengi watagawanya ongezeko lote la asilimia 21.6 kwa miaka 10, wapate 2.16. Jibu ni karibu asilimia 2.0, kwa kuwa ongezeko la kila mwaka huhesabiwa juu ya jumla ya mwaka uliotangulia.

Wiki ijayo tutachukua idadi ya watu wa kata za Bukoba na Muleba, tuchote sampuli wenyewe.