Kiingereza Kisicho na Kosa Kinapokosea

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikihariri barua za Kiingereza za kampuni moja ya uwakala wa forodha jijini Dar es Salaam. Siku moja msafirishaji wa Ulaya aliuliza kwa barua pepe: "Haven't you received the original documents?" Karani wetu, kijana makini aliyekimudu Kiingereza vizuri, alijibu kwa neno moja: "Yes." Alimaanisha ndiyo, ni kama ulivyosema, hatujazipata. Kule Ulaya wakaelewa kwamba nyaraka zimefika. Wakafunga faili, na kontena likabaki bandarini likilimbikiza gharama hadi siku mtu alipopata wazo la kupiga simu.

Neno lile halijanitoka akilini kwa sababu halikuwa na kosa. Mwalimu asingelitia wino mwekundu, na programu ya kusahihisha maandishi isingelipigia mstari. Shida ilikuwa moja: Kiswahili hujibu kauli ya muulizaji, Kiingereza hujibu hali ilivyo. Ukiniuliza "Hujala?" nami sijala, nitasema "Ndiyo, sijala," yaani nakubaliana na ulivyodhani. Mwingereza mwenye njaa ileile atasema "No," maana hakuna alichokula. Ndiyo maana nawasihi wote ninaowafundisha: swali la Kiingereza lenye ukanushi usilijibu kwa "Yes" wala "No" peke yake. Andika sentensi nzima. "We have not received the documents." Ni maneno sita tu, na hakuna atakayeyasoma kinyume.

Watu wanaokuja kujifunza uandishi wa barua za kikazi huja na hofu nyingine kabisa. Wanaogopa "a" na "the", vijineno ambavyo Kiswahili hakina. Wanaogopa kuandika "informations" na "equipments", maana kwetu taarifa na vifaa huhesabika bila taabu. Hayo ni makosa, na yafaa kurekebishwa, kwa sababu barua yenye makosa mengi humfanya msomaji aitilie shaka hata kazi yenyewe. Lakini msomaji huelewa. Sijaona mzigo uliokwama kwa kukosa "the". Kinachonitia wasiwasi ni ile sentensi ya Kiingereza iliyonyooka, isiyo na doa, ambayo ndani yake Kiswahili kinasema jambo moja na Kiingereza kinasema jingine.

Chukua saa. Sisi huhesabu saa tangu kuchomoza kwa jua, wao huhesabu tangu saa sita usiku. Jicho linaona 8:00 kwenye simu, mdomo unasema saa mbili. Mtu aliyekulia hapa hufanya ubadilishaji huo siku nzima bila kufikiri, na hatari imo humo humo katika kutofikiri. Barua zetu nyingi za mwaliko huandika "saa 2:00 asubuhi". Karani akiamriwa kuitia barua hiyo katika Kiingereza upesi, tarakimu humponyoka ikabaki vilevile: "2:00 a.m." Mgeni anashangaa kualikwa usiku wa manane, au mbaya zaidi, anadhani ni kosa la herufi na anajipanga kufika saa nane mchana. Andika "8:00 a.m. East Africa Time", na kama msomaji yuko London, kumbuka kwamba tunawatangulia kwa saa tatu wakati wao wa baridi na saa mbili wakati wao wa joto, kwa kuwa wao husogeza saa zao na sisi hatusogezi.

Tarehe nazo zina mtego wake, ingawa huu haukutoka katika Kiswahili. Ukiandika 5/8/2025, msomaji wa Nairobi au London anaona tarehe tano Agosti. Wa Chicago anaona Mei nane. Andika mwezi kwa jina lake, na ukiweza taja siku ya juma, kwa sababu siku na tarehe zisipolingana msomaji atauliza kabla mambo hayajaharibika. Kwenye fedha, ile alama yetu ya "/=" baada ya tarakimu ni masalia ya namna Waingereza walivyoandika shilingi na peni. Wenyewe waliacha hesabu hiyo Februari 1971, na mhasibu kijana wa nje huenda hajawahi kuiona. Tena shilingi si moja: kuna ya Tanzania, ya Kenya na ya Uganda. Andika TZS, KES au UGX kabla ya kiasi.

Sasa nije kwenye neno ninalolipenda kuliko yote katika lugha yetu, nalo ndilo gumu kuliko yote kulivusha: pole. Kiswahili kina pole na kina samahani. Pole humpa mwenzako moyo kwa yaliyomfika bila kusema nani kayasababisha. Samahani hukiri. Kiingereza huyabeba yote mawili kwa "sorry". Mteja akiandika kwamba bidhaa zimemfikia zimevunjika, nawe ukajibu haraka "We are sorry for the damage," wewe moyoni umempa pole, yeye amesoma kwamba kampuni imekubali kosa, na barua hiyo ataiambatisha kwenye madai yake. Kama unachotoa ni pole, andika "We were sorry to hear that the goods arrived damaged," kisha eleza utakachofanya na lini. Kama kosa ni lenu kweli, andika "We apologise" bila kuzungukazunguka. Msomaji hatakuwa na haja ya kubahatisha.

Ombi pia hubadilika sura njiani. Adabu ya Kiswahili imo katika "naomba", katika salamu inayotangulia, na katika ile "e" ya mwisho wa kitenzi: "unitumie", "utusaidie". Hakuna mkubwa anayeudhika akiambiwa "Naomba unitumie mkataba." Ila ukivusha maneno hayo kama yalivyo unapata "You send me the contract," au "Please send me the contract." Ya kwanza ni amri. Ya pili, licha ya "please" yake, bado masikioni mwa Waingereza wengi ni sauti ya bosi kwa mtumishi, na "Kindly" haiipunguzii ukali. Adabu yao imekaa kwenye umbo la swali: "Could you please send us the contract?" Vijana wengi walioitwa wajeuri na wafadhili au wanunuzi wa nje walikuwa na heshima tele. Waliiweka mahali ambapo msomaji hakujua kuitafuta.

Kuhusu salamu, sikubaliani na wanaosema zifutwe. Kwa Mswahili mwenzako, hata mkiandikiana Kiingereza, kuingia kwenye jambo bila salamu ni kama kupita mlangoni bila hodi. Mstari mmoja unatosha. Ila "How are you? How is work? How is the family?" kwa mtu msiyejuana ni maswali matatu ambayo atajiona hana budi kuyajibu. "I hope you are well" hubeba salamu bila kumdai jibu.

Yapo mengine ninayoyataja kwa haraka. "Yeye" wetu hatambui mwanamume wala mwanamke, kwa hiyo katika barua ndefu "he" na "she" hubadilishana mahali pamoja, na mkurugenzi mwanamke akajikuta ameitwa "he" mbele ya bodi yake. "Kodi" ni ya serikali na pia ya nyumba, lakini mwenye nyumba hadai "tax". "Mr. John" kwetu ni heshima tosha, ila kwa Waingereza "Mr." hufuatwa na jina la ukoo.

Limebaki lile jambo zito, nalo halikutoka katika Kiswahili. Limetoka katika masijala. Hii ni barua ya mfano, kwa maneno ninayokutana nayo kila wiki:

"Reference is made to the above captioned subject. I am hereby requesting your good office to look into the possibility of availing to us the said document at your earliest convenience."

Anataka nini? Mkataba uliosainiwa. Lini? Hakusema. Kwa nini? Hakusema. Kwa Kiingereza cha kazi cha leo, barua nzima ni hii:

"Could you please send us the signed contract by Thursday 14 August 2025? We need it to clear the goods on Monday 18 August."

Mtindo ule wa kwanza umetukaa kiasi kwamba umeingia hadi katika Kiswahili chetu. Ofisi za Tanzania huandika "Yah:", za Kenya huandika "KUH:" au "MINT:", zote zikifuata "RE:" ya Kiingereza, ambayo nayo ni Kilatini. "Husika na kichwa cha habari hapo juu" ni mwangwi wa sentensi ileile niliyoinukuu. Maofisa wa kikoloni walifunga barua zao kwa "I have the honour to be, Sir, your obedient servant", na kivuli chake kiko katika "wako mtiifu".

Wengi hudhani huo ndio Kiingereza bora, na kwamba kuandika kwa ufupi ni dalili ya elimu ndogo. Historia inasema vingine. Tarehe 9 Agosti 1940, vita vikiwa vimepamba moto, Winston Churchill aliwaandikia mawaziri wake akiwataka wafupishe ripoti na kuacha misemo ya kiofisi isiyobeba kitu. Mwaka 1948 Ernest Gowers, mtumishi mkongwe wa serikali, alitoa kitabu "Plain Words" kwa ombi la Hazina ya Uingereza, kuwafundisha watumishi wa umma kuandika kwa lugha nyepesi. Mwaka 2010 Rais Barack Obama alitia saini sheria inayozitaka idara za serikali kuu ya Marekani ziwaandikie wananchi kwa lugha inayoeleweka. Lugha tunayoitunza kama ya heshima, wenyewe walikuwa wanafundishana kuiacha miaka 13 kabla ya uhuru wa Tanganyika.

Kwa nini basi tunaendelea nayo? Nimewauliza makarani na maofisa vijana, na jibu lao hufanana. Barua nyepesi hurudishwa. Mkuu huiona haina uzito, anaongeza "hereby" na "your good office", na kijana anajifunza kwamba siku nyingine aanze na kielelezo cha zamani kutoka kwenye faili. Mafunzo yangu ya siku mbili hayawezi kushindana na kalamu ya mkuu inayofanya kazi mwaka mzima.

Kwa hiyo ombi langu nalielekeza kwenu wakuu wa ofisi. Kijana akikuletea barua ya Kiingereza ya mistari minne, hakiki saa, tarehe na kiasi cha fedha. Angalia kama msomaji atajua anaombwa nini na kufikia lini. Vikiwa sawa, usiongeze neno. Tia saini, iende.